Sindano ya Anti-D: uchome wiki ya 28, usubiri kujifungua, au usichome kabisa?

Majibu ya maabara yametoka, kadi ya kliniki imeandikwa kundi O hasi au B hasi, na muuguzi amesema, "Mama, utafute sindano ya Anti-D." Maswali huanzia hapo. Ichomwe sasa mimba ikiwa tumboni, au baada ya mtoto kuzaliwa? Ni moja au mbili? Mbona shangazi amezaa watano na kundi hilohilo na hakuchomwa chochote? Halafu kuna bei, ambayo mkulima wa Kaliua, Tabora, au mvuvi wa Buhingu, Kigoma, akitajiwa hunyamaza kwanza kabla ya kuuliza swali la pili.

Njia zilizopo ni tatu: kuchoma ujauzitoni na tena baada ya kujifungua; kuchoma baada ya kujifungua tu; na kutochoma kwa sababu vipimo vimeonyesha haihitajiki. Kila moja ina mtu wake. Hatari ni kuchukua ya jirani bila kupima.

Sindano hii inazuia nini

Mwenye Rh hasi hana alama iitwayo D kwenye seli nyekundu za damu yake. Hapa kwetu Tanzania watu hao ni wachache katika kila mia. Ulaya ni kama 15 kwa mia, ndiyo maana utafiti mwingi umetoka huko. Mama hasi anaweza kubeba mtoto aliyerithi D kwa baba. Kwa kawaida damu zao hazichanganyiki, ila kiasi kidogo huvuka, hasa kondo la nyuma linapobanduka. Mwili wa mama ukikutana na D huitengenezea kingamwili. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo mtoto huyo wa kwanza mara nyingi hunusurika. Anayeumia ni anayefuata: kingamwili za mama huvuka kondo na kuvunja seli zake nyekundu. Mtoto huishiwa damu, anaweza kujaa maji mwilini na kufia tumboni, au huzaliwa na manjano inayopanda ndani ya saa 24 za kwanza, na ikipanda sana huharibu ubongo. Familia nyingi huwa zimeshatafuta mchawi wa vifo hivyo kwa majirani na mawifi kabla ya mtu yeyote kupima kundi la damu.

Anti-D ni kingamwili za namna hiyohiyo, zilizotolewa kwenye plazima ya watu waliojitolea. Huchomwa kwa kiasi kidogo ili ziondoe seli za mtoto kabla mwili wa mama haujajifunza kuzitambua. Kwa hiyo ni kinga, si tiba. Mama ambaye mwili wake umeshatengeneza kingamwili zake mwenyewe, hakuna sindano ya kuzifuta. Na tofauti na chanjo ya pepopunda, ambayo wengi huichanganya na hii, Anti-D haiachi kinga ya kudumu. Nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya wiki tatu hivi, na kila mimba inahitaji ya kwake.

Shangazi wa watoto watano je? Huenda mumewe naye ni hasi. Huenda ni bahati tu: katika akina mama 100 wa Rh hasi waliozaa mtoto chanya bila sindano, takribani 13 hadi 16 hutengeneza kingamwili baada ya mimba moja. Walio wengi huponyoka mimba hiyo, kisha mimba chanya inayofuata inakuja na hatari yake upya.

Vigezo vya kulinganishia

Cha kwanza ni kinga: inapunguza hatari kwa kiasi gani. Cha pili ni muda na safari, kwa maana ya lini uwe wapi. Cha tatu ni gharama, na hapa usihesabu kichupa peke yake. Hesabu nauli, malazi ya ndugu anayekusindikiza na vipimo. Cha nne ni utunzaji wa dawa yenyewe, ambayo hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi na haitakiwi kugandishwa. Cha tano ni mahali njia inapokwama. Kwa mikoa ya Kigoma na Tabora hiki cha tano tunakipa uzito kuliko vingine, maana njia nzuri kwenye karatasi ikikwamia kwenye tope la Machi haimkingi mtu.

Usalama wa dawa ni uleule ujauzitoni na baada ya kujifungua, kwa hiyo tumeuweka mahali pamoja huko chini.

Vipimo kabla ya kuchagua

Kundi la mama lirudiwe. Kwenye maabara nyingi ndogo kipimo hufanywa juu ya kigae cheupe: matone matatu ya damu, moja linatiwa dawa ya bluu (Anti-A), la pili ya njano (Anti-B), la tatu dawa isiyo na rangi (Anti-D). Vipunjepunje vikitokea kwenye tone la tatu, mtu ni chanya. Tone likibaki laini, ni hasi. Kosa huingia kwa njia mbili. Dawa iliyokaa nje ya friji hupoteza nguvu, mtu chanya akasomeka hasi. Au kigae kinaachwa mpaka damu inaanza kukauka, kingo zinaonekana kama zimeganda, na mtu hasi anasomeka chanya. Hili la pili ndilo baya zaidi, maana mama huyo hataambiwa chochote kuhusu sindano. Pima mara mbili, siku tofauti, ikiwezekana maabara tofauti.

Angalizo: dawa hiyo ya maabara na sindano zina jina moja. Ukipiga simu mjini kuuliza kama Anti-D ipo, sema wazi kuwa unataka sindano ya mjamzito, usije ukapanda gari toka Sikonge ukafika unaonyeshwa kichupa cha kupimia makundi ya damu.

Baba naye apimwe. Kwa kuwa wanaume huombwa kuongozana na wake zao hudhurio la kwanza, ni siku nzuri ya kumaliza jambo hili kwa tone moja la kidole. Baba hasi na mama hasi huzaa mtoto hasi. Baba chanya anaweza kuzaa mtoto hasi kama alirithi D kwa mzazi mmoja tu, lakini kwa kuwa kundi hasi ni adimu kwetu, mtoto wake mara nyingi huwa chanya.

Kipimo cha tatu ni cha kutafuta kingamwili kwenye damu ya mama, ambacho maabara hukiita Coombs isiyo ya moja kwa moja. Zahanati haikifanyi, pa kuanzia kuuliza ni hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni kwa Kigoma au Kitete kwa Tabora. Damu ya kipimo hiki itolewe kabla ya sindano. Ikitolewa baada, kipimo kitaziona kingamwili za sindano yenyewe, daktari asijue kama ni zako au ni za dawa.

Njia ya kwanza: ujauzitoni na tena baada ya kujifungua

*Inavyofanyika.* Kuna mtindo wa dozi moja ya yuniti 1500 kati ya wiki ya 28 na 30, na mtindo wa dozi mbili za yuniti 500, wiki ya 28 na wiki ya 34. Kisha mtoto akizaliwa chanya, mama huchomwa tena ndani ya saa 72. Ile ya wiki ya 28 haichukui nafasi ya hii ya mwisho; watu wengi hudhani wameshamaliza.

*Kinga.* Ndiyo njia yenye kinga kubwa kuliko zote. Sindano ya baada ya kujifungua peke yake huacha mama 1 hadi 2 katika 100 wakitengeneza kingamwili, kwa sababu seli za mtoto zilivuka kimyakimya katika miezi mitatu ya mwisho. Ukiongeza ya ujauzitoni, idadi hushuka hadi kama 2 au 3 katika 1000. Uingereza na Marekani huitoa kama kawaida kwa akina mama wa Rh hasi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kuhusu huduma za wajawazito haukwenda mbali hivyo: ulisema sindano ya ujauzitoni itolewe ndani ya utafiti tu, huku ile ya baada ya kujifungua ikiendelea kupendekezwa. Kwa hiyo daktari anayekuambia "ya ujauzitoni ni ya hiari" hajakudanganya, na anayekushauri uichome naye hajakosea.

*Muda na safari.* Hapa njia hii ina raha yake. Wiki ya 28 huijia mama angali na nguvu za kusafiri, na siku unachagua mwenyewe: unaweza kupanga treni au basi, kuulizia dawa mapema, kufika mjini siku ya kazi maabara ikiwa wazi. Mtindo wa dozi mbili unadai safari mbili, na ya pili ni wiki ya 34, tumbo limeshakuwa zito. Kwa anayetoka mbali, dozi moja kubwa ndiyo inayotekelezeka, ingawa kwa baadhi ya akina mama nguvu yake huwa imeshuka sana siku za kujifungua zikifika.

*Gharama.* Mara mbili. Ndilo tatizo lake kuu. Kwa wakulima wa tumbaku wa Urambo na Kaliua, wiki ya 28 ikiangukia kabla ya masoko kufunguliwa, hela haipo hata kama nia ipo. Ukinunua, angalia nguvu ya dozi kwenye boksi kabla ya kulinganisha bei. Maikrogramu 100 ni sawa na yuniti 500, na maikrogramu 300 ni sawa na yuniti 1500. Kichupa "cha bei nafuu" mara nyingine ni cha dozi ndogo tu.

*Utunzaji.* Kikinunuliwa mjini na kuchomwa mjini siku hiyohiyo, hakuna shida. Shida ni kukibeba. Usikiweke kwenye pochi na kuingia nacho basini kwa saa sita. Omba zahanati yako kibebeo cha chanjo, na vibarafu vyake viachwe nje kwanza mpaka vianze kutoa jasho na maji yasikike ukivitikisa ndani. Kibarafu kilichotoka kwenye friza moja kwa moja hugandisha dawa iliyokigusa, na iliyoganda hutupwa. Zahanati yenye friji ya chanjo inaweza kukuhifadhia; andika jina lako na tarehe kwenye boksi.

*Inapokwama.* Umri wa mimba. Mama aliyeanza kliniki mwezi wa saba huwa amepitwa na wiki ya 28, ingawa kuchoma wiki ya 31 au 32 bado kuna faida. Pengine kubwa zaidi ni hii: mama anatumia akiba yote wiki ya 28, mtoto anazaliwa chanya, na pesa ya sindano ya pili haipo. Hapo amenunua sehemu ndogo ya kinga na kuiacha kubwa.

*Inamfaa* mwenye uwezo wa dozi mbili kwa uhakika, na mama ambaye hana hakika ya kufikiwa na dawa ndani ya saa 72 za kujifungua.

Njia ya pili: baada ya kujifungua tu

*Inavyofanyika.* Mtoto akizaliwa na kitovu kikishakatwa, mkunga anachota damu kwa bomba kutoka kwenye mshipa wa kitovu upande wa kondo, mililita chache, na kuiweka kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau. Asikamue kitovu kwa vidole, maana ute wake na damu ya mama huingia na kuvuruga kipimo. Chupa iandikwe "kitovu" na jina la mama. Maabara inapima kundi la mtoto. Akiwa chanya, mama anachomwa msuli wa bega, si makalio, kwa kuwa huko dawa ikiishia kwenye mafuta huchelewa kuingia kwenye damu.

*Kinga.* Inaondoa sehemu kubwa ya hatari: kutoka wale 13 hadi 16 katika 100 hadi 1 au 2. Dozi ya yuniti 1500 hutosha kwa takribani mililita 30 za damu ya mtoto zilizovuka, na uzazi mwingi huwa chini ya hapo. Kondo likitolewa kwa mkono, au mama akifanyiwa upasuaji wenye kutoka damu nyingi, kiasi kilichovuka kinaweza kuzidi. Uliza kama hospitali ina kipimo cha Kleihauer, kinachohesabu seli za mtoto kwenye damu ya mama. Kama hakipo, daktari aamue kuhusu kuongeza dozi.

*Muda na safari.* Saa 72 zinaonekana nyingi mpaka uzihesabu. Ukijifungua Ijumaa jioni, zinaisha Jumatatu jioni. Katikati kuna Jumamosi ya nusu siku na Jumapili ya milango iliyofungwa. Anayejifungulia kijiji cha mwambao wa kusini kama Kalya, ambako boti husubiri upepo utulie, au ndani ya Ulyankulu barabara ikiwa imeloa, anaweza kutumia siku mbili njiani tu, akiwa na kichanga mikononi na mwili mbichi wa uzazi.

*Gharama.* Dozi moja, na pengine hata hiyo isihitajike: mtoto akiwa hasi, hulipi kitu. Kwa mfuko mwembamba hii ni hoja nzito. Lakini usiache kununua kwa matumaini hayo bila baba kuwa hasi.

*Utunzaji.* Dawa inatakiwa iwepo pale unapojifungulia kabla hujapata uchungu. Panga wiki ya 36: piga simu, uliza kama hospitali inayo au utanunua mwenyewe, kisha uhakikishe iko kwenye friji yao. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi iwe mbele ya tarehe ya matarajio kwa mwezi au zaidi. Katika wiki hiyohiyo waambie kuwa wewe ni kundi hasi kwa ajili ya damu ya dharura. Ukivuja damu unahitaji damu hasi, na kuipata huchukua muda, hata kama Kanda ya Magharibi ya Damu Salama, mpango wa taifa wa kukusanya damu, makao yake ni Tabora. Ndugu wa kundi lako wajulikane mapema.

*Inapokwama.* Mahali pawili hasa. Damu ya kitovu haikuchukuliwa, kondo likazikwa, na kila mtu anasubiri mtoto atobolewe kisigino kesho. Au maabara imefungwa na mama anaambiwa asubiri majibu. Kanuni ni rahisi: kundi la mtoto lisipojulikana na saa zinakwenda, mama achomwe. Sindano iliyochomwa bila kuhitajika hasara yake kwa mama ni ndogo, hasa ni pesa. Iliyokosekana haina mbadala.

*Inamfaa* mama mwenye uwezo wa dozi moja, anayejifungulia hospitali au kituo cha afya chenye maabara, na aliye tayari kukaa karibu nacho kuanzia wiki ya 37 au 38, kwa ndugu au kwenye chumba cha kusubiria uzazi.

Njia ya tatu: kutochoma, kwa sababu zinazoeleweka

*Inavyofanyika.* Kwa vipimo, si kwa kukata tamaa ya bei. Sababu zinazokubalika ni chache. Baba wa mimba ni hasi na kipimo chake kimerudiwa. Mtoto amezaliwa na kupimwa hasi. Au mama tayari ana kingamwili zake za D. Nchi kama Uingereza, Denmark na Uholanzi hutumia pia kipimo cha damu ya mama kinachosoma kundi la mtoto angali tumboni, na mwenye mtoto hasi huachwa bila sindano.

*Kinga.* Kwa baba hasi hakuna cha kukinga. Kuhusu baba neno moja, na linasemwa kwa heshima: anayehesabika ni baba wa mimba hii. Mama ndiye anayejua. Akiwa na shaka yoyote, anaweza kumwambia muuguzi kwa faragha kuwa anapenda kuchomwa, na hahitaji kueleza sababu.

*Muda, gharama na utunzaji.* Hakuna sindano ya kutafuta, ila vipimo viwili vya mume na mke, na kwa mwenye kingamwili gharama ni kubwa kuliko zote: vipimo vya mara kwa mara vya wingi wa kingamwili, ultrasaundi ya kuangalia kama mtoto anaishiwa damu, na mpango wa kujifungulia hospitali inayoweza kumtibu kichanga kwa mwanga na kumbadilishia damu. Rufaa ya mapema, kwa mfano Bugando, Mwanza, ipangwe miezi kabla, si siku ya uchungu.

*Inapokwama.* Kipimo cha baba kilichofanywa mara moja tu. Mama kubadili mwenza kati ya mimba na mimba huku kadi ya zamani ikisema "baba hasi, haihitajiki". Na mwenye kingamwili kuambiwa "basi huna la kufanya," akaacha kliniki, wakati yeye ndiye anayehitaji kliniki kuliko wote.

*Inamfaa* mwenye majibu ya maandishi mkononi. Aliyefunga kizazi baada ya uzazi huu anaweza pia kuamua kuiacha akishauriana na daktari, ingawa kingamwili zikitengenezwa zitamfuata siku akihitaji kuongezewa damu.

Matukio ya katikati ya mimba

Kuna hali ambazo hazisubiri wiki ya 28 wala kujifungua. Kutoka damu baada ya wiki 12, mimba kuharibika baada ya wiki hizo, mimba ya nje ya kizazi, kuanguka na bodaboda au kupigwa tumboni, mtoto kugeuzwa kwa mikono ya daktari kutoka nje, mtoto kufia tumboni: zote hudai sindano ndani ya saa 72, uwe umechagua njia ya kwanza au ya pili. Kwa utoaji mimba wa chini ya wiki 12, Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilisema sindano haihitajiki. Mara nyingi mama aliyepoteza mimba hufarijiwa, husafishwa na kuruhusiwa kwenda nyumbani, na hakuna anayetazama kundi la damu kwenye kadi. Ndugu aliyemsindikiza aulize.

Sindano ya tukio haifuti ile ya wiki ya 28 wala ya baada ya kujifungua.

Usalama

Dawa inatokana na damu ya binadamu, na historia yake ina doa: miaka ya 1977 hadi 1979 nchini Ayalandi akina mama waliambukizwa homa ya ini aina ya C kupitia Anti-D iliyochafuka. Leo wachangiaji hupimwa na dawa hupitishwa kwenye hatua za kuua virusi, kwa hiyo nunua yenye boksi, lebo na namba ya toleo, si kichupa kilichotolewa mfukoni. Asili hiyo ndiyo inayoifanya pia iwe ghali: hutegemea watu kama Mwaustralia James Harrison, aliyechangia damu na plazima mara 1,173 mpaka alipofikia ukomo wa umri mwaka 2018. Mtu ambaye imani yake inakataa bidhaa za damu aambiwe asili yake kabla, aamue mwenyewe.

Madhara ya kawaida ni maumivu ya bega na homa ndogo. Mzio mkali ni nadra, lakini kaa kituoni dakika 20 baada ya kuchomwa. Mtoto anaweza kuzaliwa na kipimo cha Coombs chenye uchanya hafifu kutokana na dozi ya ujauzitoni. Mwambie daktari ulichomwa lini ili asikisome vibaya. Chanjo ya pepopunda haigombani nayo. Chanjo za virusi hai kama ya surua na rubela ndizo husogezwa mbele kwa miezi mitatu.

Uchague kwa hali yako

Una pesa ya dozi moja tu, na baba ni chanya. Iweke ya baada ya kujifungua. Ndiyo yenye sehemu kubwa ya kinga, na pengine mtoto akawa hasi ukabaki nayo pesa. Jifungulie palipo na maabara.

Una uwezo wa dozi mbili, unaishi Kigoma mjini au Tabora mjini. Njia ya kwanza ina faida ya ziada, ndogo lakini ya kweli, hasa kama mnapanga watoto zaidi.

Uko mbali, mvua ni nyingi, na unajua kabisa huwezi kuhakikisha saa 72. Choma wiki ya 28 kama umefika mjini, kisha tafuta namna ya kuhamia karibu na hospitali mwezi wa mwisho. Ukilazimika kuchagua kati ya nauli ya kuhama na sindano ya wiki ya 28, sisi tungechagua kuhama, maana hapo unapata sindano ya pili na pia msaada wa dharura nyingine yoyote ya uzazi.

Ni mimba ya kwanza na mtu amekuambia "ya kwanza haina shida". Ya kwanza ndiyo ya kukingwa kuliko zote, kwa sababu ndipo kingamwili huanzia.

Baba ni hasi, kipimo kimerudiwa. Usichome, pesa hiyo inunue vifaa vya kujifungulia.

Umeshajifungua na saa 72 zimepita. Usikae nyumbani ukihesabu umechelewa. Nguvu ya kinga inapungua lakini haijaisha: miongozo ya Uingereza huruhusu kuchoma hadi siku ya 10, na ya Marekani hadi siku ya 28. Nenda na kadi yako, taja siku na saa uliyojifungua, na baada ya kuchomwa hakikisha muuguzi ameandika kwenye kadi tarehe, dozi na namba ya toleo, kwa sababu mkunga wa mimba ijayo ataanzia hapo.